Mgongo wa Kwenye Kompyuta

"Huyu si mwanangu," mama akasema, akaisukuma picha juu ya meza ya cherehani mpaka ikagota kwenye kidole cha Sajini. "Nimemzaa mimi, nimemshonea nguo tangu yuko tumboni. Huyo hapo ni mtoto wa watu."

Sajini wa upelelezi akaiokota picha na kuiweka juu ya nyingine kumi. Zote zilikuwa za namna moja. Msichana amepigwa picha kwa nyuma, amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, stika nyeupe zimebandikwa mabegani, kwenye uti wa mgongo na kiunoni. Ukanda mweusi ulifunika kichwa ili mgonjwa asitambulike. Kompyuta ya kliniki ilikuwa imeunganisha zile stika kwa mistari ya kijani na kuandika matokeo pembeni: bega, digrii moja, kiuno, digrii mbili, mkao wa kawaida. Ziara kumi na moja ndani ya miezi kumi na minane, na mara zote kumi na moja, mkao wa kawaida.

Msichana mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, anafumua pindo la sketi kwa wembe. Alikuwa na miaka kumi na minne. Huyu hakuhitaji kompyuta. Bega la kulia lilikuwa limepanda, la kushoto limeanguka, na alipomwamkia Sajini alivuta pumzi katikati ya shikamoo.

"Nieleze tena, mama, taratibu," Sajini akasema. "Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa wezi wa redio za magari."

"Akiwa na miaka kumi na miwili mgongo ukaanza kupinda. Kliniki wakampa kizibao kigumu cha plastiki cha kumbana. Akakivaa, analia, anakivaa. Kila ziara kompyuta inasema amenyooka, mpaka ziara ya tatu wakaiamini. Wakamvua. Nikawaambia hajanyooka. Wakaniambia, mama, haya ni mambo ya kitaalamu." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Na huyu naye akaniambia, mama, wewe unapima nguo, kompyuta inapima mifupa."

Msichana hakuinua macho. Wembe ukaendelea kukata uzi.

"Halafu?"

"Halafu miezi mitatu iliyopita akazimia kwenye ngazi za shule. Hospitali kubwa wakampiga eksirei. Digrii arobaini na nane, Afande. Kizibao hakisaidii tena, mifupa imeshakomaa. Sasa ni kupasuliwa tu, na madaktari wa kupasua migongo wanakuja mara moja kwa mwaka. Wanachukua watoto wanane. Jopo linakaa kesho saa nne kuwachagua."

"Na eksirei haiwatoshi?"

"Wanataka wale ambao mgongo unazidi kupinda mwezi hadi mwezi. Wanataka kumbukumbu. Kumbukumbu za mwanangu zinasema alikuwa kama mlingoti mpaka juzi. Wamesema mtoto wa namna hiyo asubiri aangaliwe. Asubiri nini? Mapafu yanabanwa. Wewe mwenyewe humsikii?"

Sajini alimsikia. Ndiyo maana alikuja. Kwa siku tatu mama huyu alikuwa amekaa kaunta ya kituo akikataa kuondoka, na mkuu wa kituo alipochoka alimtupia Sajini lile faili na kusema kamalize hayo mambo ya picha. Shtaka lilikuwa moja: kwamba kliniki iliweka picha za mtoto mwingine kwenye faili la binti yake. Kama ni kweli, basi picha halisi ziko mahali fulani, na zikipatikana kabla ya kesho saa nne, msichana ana nafasi.

"Una chochote kinachoonyesha alikuwa amepinda muda wote huo?"

Mama akavuta droo na kutoa daftari la vipimo. Kila baada ya miezi miwili alikuwa amerekebisha sketi ya shule ya binti yake ili pindo likae sawa. Aliandika urefu wa kulia na wa kushoto, na tarehe. Mwanzoni tofauti ilikuwa sentimita moja na nusu. Ukurasa wa mwisho ilikuwa sita.

"Unapimaje?"

Akamwita binti asimame juu ya kigoda, akachukua mkasi uliofungwa kwenye uzi, akauacha uning'inie kutoka kiunoni mwa msichana. Mkasi ukayumba, ukatulia. "Uzi unashuka wima. Naweka alama hapa, na hapa. Basi." Kisha, bado amepiga magoti, akamwangalia Sajini kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Na wewe, Afande, bega lako la kushoto limeshuka vidole viwili. Aliyekushonea hilo koti alikupima umelala?"

Msichana akacheka, mara ya kwanza tangu Sajini aingie. Sajini naye akacheka. Miaka kumi na tisa iliyopita alianguka kutoka ukutani akimfukuza mwizi, mfupa wa bega ukaunga vibaya. Mke wake hakuwahi kuliona hilo bega mpaka alipoambiwa.

"Swali la mwisho. Ana alama yoyote mwilini?"

"Kovu la pasi. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Aliegemea pasi yangu akiwa na miaka sita."

*

Chumba cha kupimia mkao kilikuwa mwisho wa korido, kidogo, cheupe, na safi kupita kiasi. Kamera juu ya miguu mitatu, alama za nyayo zimepakwa rangi sakafuni, meza moja, kompyuta moja, kabati la mafaili. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisimama ameikunja mikono. Kwenye kompyuta alikaa mtu mzima, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kalamu mbili mfukoni. Alijitambulisha kama mpimaji, lakini kila aliyepita koridoni alimwita Studio.

"Kwa nini Studio?" Sajini akauliza.

"Nilikuwa na studio ya picha, mkuu. Miaka kumi na minne. Harusi, vitambulisho, pasipoti. Simu zilipokuja kila mtu akawa mpiga picha. Nikashukuru kupata hapa."

"Kuza hii. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko."

Studio akakuza. Kovu likajaza skrini, limechongoka kama ncha ya pasi.

"Inayofuata."

Kovu. Inayofuata. Kovu. Mpaka ya kumi na moja. Hakuna mtoto wa watu. Shtaka lote la mama likafa pale pale, na kama picha zote ni za msichana, basi hakuna nyingine za kutafuta.

"Nilishawaambia," Mtaalamu akasema. "Hapa hatubadilishi mafaili."

"Daktari, uliwahi kuushika mgongo wake?"

"Zamani tulikuwa tunashika. Wagonjwa sita kwa siku. Sasa kwa kompyuta tunaona thelathini."

"Nauliza huyu."

Mtaalamu akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Siku ya kwanza nilimshika. Baada ya hapo nasoma matokeo."

Sajini akairudia picha ya mwisho. Alikuwa na ubishi wa kijinga mbele ya vitu asivyovielewa, akikodoa macho mpaka kitu kichoke kumficha. Kovu, stika, mistari ya kijani. Gauni la hospitali lilikuwa na kamba mbili za kufungia mgongoni, na kwa kuwa mgongo ulitakiwa kuonekana, zilikuwa zimefunguliwa na kuachwa zining'inie. Zilikuwa zimelala upande. Zote mbili, upande mmoja, sawasawa.

"Hapa ndani kuna feni?"

"Hakuna, mkuu. Inapeperusha gauni, picha inaharibika."

"Dirisha?"

"Halifunguki."

"Basi kwa nini kamba zimelala?"

Wote watatu wakasogea kwenye skrini. Mtaalamu alikuwa wa kwanza kuelewa, maana alivaa miwani upesi. "Kamera imekaa upande," akasema. "Mungu wangu. Kamera imeinama."

Koridoni kulikuwa na seremala akifunga kabati. Sajini akaazima pima maji yake, akaiweka juu ya kamera. Kipovu kikakaa katikati. Akaiweka sakafuni, kipovu katikati. Akaweka kwenye meza, kwenye fremu ya mlango, na kwenye kila kitu kilichokubali kuwekewa. Chumba kizima kilikuwa kimenyooka. Seremala aliyekuja kuchungulia akauliza kama amalize kabati au aende nyumbani.

Sajini akarudisha pima maji, akavua koti, akavua na shati.

"Nipige mimi."

"Mkuu?"

"Nipige kama mgonjwa yeyote. Usiruke hatua hata moja."

Studio akambandika stika kwa vidole vya upole, akamwelekeza kwenye zile nyayo, akarudi kwenye kamera. "Pumua. Usitikisike." Mwanga. "Ahsante, mkuu. Vaa tu."

Sajini hakuvaa. Alikwenda kifua wazi mpaka nyuma ya kiti cha Studio na kusimama pale. Kwenye skrini ulikuwa mgongo wake mwenyewe, ambao hakuwahi kuuona, na bega la kushoto lilikuwa limeanguka vibaya kuliko alivyodhani. Studio akaishika picha kwa kipanya, akaizungusha kidogo mpaka mabega yakalingana. Kisha akashika kiuno, ambacho sasa kilikuwa kimepanda upande mmoja, akakisukuma chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akabonyeza PIMA. Mistari ya kijani ikajichora. Bega, digrii moja. Mkao wa kawaida.

"Hapo umefanya nini?"

"Wapi, mkuu?"

"Hapo. Kabla ya kupima. Na huo mkono."

Studio akautazama mkono wake juu ya kipanya. "Aa. Nimeiweka sawa."

"Nani amekuambia uiweke sawa?"

"Hakuna aliyeniambia. Picha huwezi kuiacha vile, mkuu. Bega moja juu, moja chini? Mteja anaondokaje na picha kama hiyo?" Alikuwa anatabasamu bado, tabasamu la fundi anayemweleza mtu asiyejua kazi. "Studio kwangu hakuna aliyetoka na bega limeanguka. Hata bwana harusi aliyelewa, mimi nilimnyoosha."

Mtaalamu akageukia ukuta.

Tabasamu la Studio likakaa usoni sekunde mbili zaidi ya lilivyotakiwa. Akaangalia skrini, bega la Sajini lililolingana, halafu akageuka polepole kuliangalia bega lenyewe, lililoanguka, lenye nywele mbili tatu za mvi, hatua moja kutoka kwake. Akaliangalia muda mrefu.

"Wote?" Sajini akauliza.

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu kompyuta ije."

"Wangapi?"

Mtaalamu ndiye aliyejibu, bila kugeuka. "Mia nne na kumi na mbili."

"Picha za mwanzo ziko wapi? Kabla hujazigusa."

"Programu inauliza kama uhifadhi mpya juu ya ya zamani." Studio alikuwa ananong'ona. "Nabonyeza ndiyo. Nani anatunza picha mbaya ya mteja?"

Sajini alivaa shati na kukosea vifungo. Alijua kazi yake, na kazi yake ilimtaka aandike. Akatoa karatasi, akachukua maelezo ya Studio, swali kwa swali: ulipewa kitu na mtu yeyote? Hapana. Ulikuwa na ugomvi na familia ya mgonjwa? Hapana, yule mtoto ananiita babu. Ulijua kwamba matokeo yanabadilika? Sikuwahi kusoma matokeo, mkuu, mimi naangalia picha. Studio akaweka saini. Mtaalamu akaweka saini kama shahidi.

"Nikamate," Studio akasema.

"Kwa kosa gani?"

"Wewe ndiye unayejua makosa."

Sajini alikuwa tayari ameshayapitia kichwani. Kughushi kunataka nia. Hongo inataka mtoaji. Kujeruhi kunataka mkono uliomgusa mtu, na huyu aliigusa picha. "Sina kifungu," akasema. "Ningekuwa nacho ningekukamata, naapa."

"Niweke ndani hata usiku mmoja tu."

"Sina kifungu, mzee wangu."

*

Saa nane mchana Sajini alimpigia simu katibu wa jopo kutoka meza ya Mtaalamu. Ni lazima isemwe kwamba alipiga akiwa na furaha. Alikuwa na maelezo yaliyosainiwa, alikuwa na shahidi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa na jibu zima lisilo na kona iliyobaki wazi. Alieleza kila kitu kwa dakika sita. Katibu alikuwa mtu msikivu, hakumkatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo unathibitisha kwamba picha zote kumi na moja zimechezewa," katibu akasema.

"Zote. Nimeona kwa macho yangu."

"Maelezo yamesainiwa?"

"Yamesainiwa. Nimeshayatuma kwako."

"Nimeyapata, ninayo hapa." Karatasi zikasikika zikigeuzwa. "Basi ndugu Sajini, hizo kumbukumbu nalazimika kuziondoa kwenye faili. Haziaminiki."

"Sawasawa kabisa."

"Na zikiondoka, mtoto hana kumbukumbu. Jana alikuwa na miezi kumi na minane ya kunyooka. Mbaya, lakini tungeweza kubishana nayo, daktari wa eksirei alikuwa tayari kumtetea, alisema huenda umepinda ghafla, na wa ghafla tungeweza kumfikiria. Leo hana chochote. Utaratibu unasema asiye na kumbukumbu anahesabiwa mgonjwa mpya. Miezi kumi na miwili ya kuangaliwa, ndipo anaingia kwenye orodha."

Sajini akasimama, kana kwamba katibu angemwona. "Mama yake ana daftari. Vipimo vya kila miezi miwili, tarehe na kila kitu. Kulia na kushoto."

"Vipimo vya nini?"

"Vya sketi."

Katibu hakucheka, na Sajini angeshukuru kama angecheka, angepata wa kumgombeza. "Nakuamini," katibu akasema. "Na yule mama namwamini kuliko kompyuta. Lakini siwezi kuweka daftari la fundi cherehani mbele ya madaktari saba. Wakiulizwa kesho na keshokutwa kwa nini yule na si huyu, watajibu nini?"

"Na hao wengine mia nne?"

"Nao wapya. Wote."

"Basi chana hayo maelezo. Jifanye hujayaona."

"Ndugu yangu," katibu akasema kwa upole, "ungeniambia hivyo kabla hujayatuma."

Sajini aliweka simu chini. Studio alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, hataki kugusa kitu. Mtaalamu alikuwa anatoa mafaili kabatini na kuyapanga sakafuni, moja baada ya jingine, kwa herufi.

Mama na binti, walioitwa na Sajini, walifika saa tisa na nusu. Sajini alikuwa amejitayarishia maneno njiani kwenda kuwafungulia mlango, na yote yakamponyoka. Akawaambia wima wima. Mama alisikiliza amelikumbatia daftari. Sajini alipomaliza, mama aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo nisingekuja kituoni, kesho huenda wangemchukua?"

Sajini angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganywa na mabingwa kwa miaka ishirini na tano, alijua inavyofanywa. "Huenda," akasema.

Mama akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Msichana akamshika mkono. "Twende nyumbani, mama."

"Msiende," Mtaalamu akasema kutoka sakafuni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ile miezi kumi na miwili inaanza siku ya picha ya kwanza. Tukipiga leo, inahesabika kuanzia leo. Tusiwapotezee hata siku moja zaidi. Na safari hii nitaushika mgongo mimi mwenyewe."

Hakuna aliyekuwa na wazo jingine. Msichana akavaa gauni nyuma ya pazia, akatoka, akasimama kwenye nyayo zilizopakwa rangi. Mtaalamu akambandika stika akipitisha vidole kwenye kila pingili. Studio akasimama nyuma ya kamera. Akaikaza kamera kwenye miguu yake mitatu kwanza, ndipo akachungulia.

"Tayari," akasema, na kisha, "Hapana. Ngoja."

Sajini naye aliona. Msichana alikuwa amebana pumzi, amelivuta bega la kushoto juu kwa nguvu zake zote, shingo imekaza, kama anavyofanya mtu yeyote anayepigwa picha na anayetaka kupendeza. Alikuwa karibu amenyooka.

Mama akaweka daftari chini. Huyu ndiye aliyemwambia binti yake simama vizuri asubuhi na jioni, mezani, njiani, kanisani, mbele ya wageni, mpaka majirani wakamwonea huruma mtoto. Akasogea mpaka karibu na kamera.

"Legeza, mwanangu."

"Nikilegeza ni vibaya, mama."

"Najua. Legeza hivyo hivyo. Leo usijinyooshe."

Msichana akatoa pumzi. Bega likashuka. Likashuka tena, na mbavu za kulia zikatokeza kwenye uwazi wa gauni, na kiuno kikakimbilia upande, na mwili mzima ukawa mfupi mbele ya macho yao.

"Hapo basi?" akauliza bila kugeuka.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Akakiondoa.

"Bado," akasema. "Legeza tena."